Kupima Mkazo wa Mwili kwa Wanafunzi wa Uuguzi Wawapo Wodini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa uuguzi na ukunga wa Unguja na Pemba wanaopelekwa hospitalini kwa mazoezi ya vitendo, kwa wakufunzi wanaowasimamia, na kwa wale walioamua kuufanya mkazo wa mwili kuwa mada ya utafiti wao wa mwaka wa mwisho. Yanatokana na maswali ambayo huulizwa karibu kila kundi jipya linapoanza zamu.

Mkazo wa mwili ni nini hasa, na kwa nini tusiseme uchovu tu?

Katika taaluma inayochunguza kazi na mwili wa mwanadamu, hutenganishwa mambo ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Mzigo ni kile kinachoujia mwili kutoka nje, kama vile uzito wa mgonjwa, kimo cha kitanda, joto la wodi na urefu wa zamu. Mkazo ni namna mwili wa mtu fulani unavyoupokea mzigo huo. Wanafunzi wawili wanaweza kumgeuza mgonjwa mmoja, katika kitanda kimoja, saa ile ile, na moyo wa mmoja ukaenda mbio ilhali wa mwenziwe haukubadilika sana, kwa sababu mmoja ni mfupi na inambidi auchukue uzito kwa mikono iliyonyooka, au kwa sababu hakulala, au kwa sababu ana upungufu wa damu asiojua kuwa anao.

Uchovu ni jambo la tatu, nao huja baadaye. Tena neno lenyewe limebeba mengi mno. Mwanafunzi akisema "nimechoka", huenda miguu inamuuma, huenda amekesha akisoma dakhalia, na huenda amechoshwa na maneno aliyoambiwa mbele ya wagonjwa. Yote hayo ni ya kweli na yanastahili kusikilizwa, lakini hayapimwi kwa chombo kimoja.

Kwa nini wapimwe wanafunzi, badala ya wauguzi walioajiriwa?

Wapimwe wote, kwa hakika. Ila mwanafunzi ana hali zake. Hubadilishwa wodi kila baada ya wiki chache, kwa hiyo mara nyingi hajui ni kitanda kipi ambacho mpini wake wa kupandishia umekufa wala ni kiti kipi cha magurudumu kisichoshika breki. Huitwa kwanza panapohitajika mikono ya kunyanyua, na huona haya kusema kwamba hawezi, kwa kuwa anayemwita ndiye atakayemjazia fomu ya tathmini. Baada ya zamu ana kipindi, au ana ripoti ya kuandika. Na mwanafunzi wa Wete aliyepangiwa Chake Chake, au wa Micheweni aliyepangiwa Hospitali ya Abdulla Mzee kule Mkoani, huwa ameshakaa muda mrefu ndani ya daladala kabla hajamgusa mgonjwa wa kwanza.

Kuna sababu nyengine ambayo mimi naiona kubwa zaidi. Namna ya kuinama juu ya kitanda hujifunzwa mapema na haibadiliki kwa urahisi. Anayezoea kumvuta mgonjwa kwa kiuno akiwa na miaka ishirini huendelea hivyo mpaka kiuno kimkatae.

Je, kuna kipimo kimoja kinachotosha?

Hakuna. Ukipima moyo peke yake utaona juhudi, lakini hutaona mgongo uliopinda. Ukipima mkao peke yake utaona mgongo, lakini hutajua kama mtu amekaa hivyo kwa sekunde kumi au kwa robo saa. Ukimuuliza mwenyewe peke yake utapata anachohisi, pamoja na anachodhani unataka kusikia. Ndiyo maana huchukuliwa vipimo vitatu kwa pamoja, yaani mwitikio wa mwili, mkao wa kazi na kauli ya mwanafunzi, kisha vyote vikaandikwa dhidi ya kazi iliyokuwa ikifanywa wakati huo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa mara nyingi. Daftari lililojaa mapigo ya moyo bila ya kuonesha kama mtu alikuwa akitandika kitanda, akisukuma machela au akigawa dawa halina faida kwa mtu yeyote.

Mapigo ya moyo hupimwa na kuhesabiwa vipi?

Idadi ya mapigo kwa dakika haitoshi ikisimama peke yake, kwa kuwa kila mtu ana mahali anapoanzia. Kinachotafutwa ni sehemu gani ya akiba ya moyo wake imetumika. Zinahitajika namba tatu. Ya kwanza ni mapigo ya mapumziko, ambayo hupimwa mwanafunzi akiwa ameketi kimya kwa muda usiopungua dakika tano hadi kumi, kabla ya zamu kuanza, akiwa hajanywa chai ya rangi wala kahawa muda mfupi uliopita, na hasa asiwe ndiyo kwanza ameteremka garini na kupanda ngazi. Ya pili ni mapigo ya wakati wa kazi. Ya tatu ni kiwango cha juu kabisa ambacho moyo wake unaweza kufikia, ambacho kwa kawaida hukadiriwa kwa umri badala ya kupimwa.

Kanuni ya kukadiria inayojulikana na wengi ni kutoa umri kutoka 220. Kanuni iliyochapishwa mwaka 2001 na Tanaka na wenzake, ambayo hutoa asilimia 70 ya umri kutoka 208, hutumika sana siku hizi. Kwa kijana tofauti si kubwa, lakini lazima kundi zima litumie kanuni moja.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi mwenye umri wa miaka 21. Asilimia 70 ya 21 ni 14.7, hivyo kiwango chake cha juu ni takriban 193. Tuseme mapigo yake ya mapumziko ni 72, na wastani wake katika zamu nzima ni 108. Akiba yake yote ni 193 kutoa 72, yaani 121. Aliyoitumia ni 108 kutoa 72, yaani 36. Ukigawa 36 kwa 121 unapata takriban asilimia 30. Wataalamu wengi wa kazi huichukulia asilimia 30 hivi kuwa ndiyo mpaka wa kazi inayoendelea kwa muda wa saa nane, kwa hiyo mwanafunzi huyu yuko ukingoni. Lakini wastani huficha. Kama katika dakika chache za kumhamisha mgonjwa kutoka machela kwenda kitandani mapigo yalifika 138, wakati huo alikuwa ametumia zaidi ya nusu ya akiba yake, na hilo halionekani mpaka uifungue zamu kazi kwa kazi.

Chuo chetu hakina mikanda ya kifuani wala saa za mkononi za kupimia mapigo. Je, tuache?

Msiache. Kabla ya vifaa hivyo kuenea, mwanafiziolojia Lucien Brouha alitumia njia ya kuutazama moyo unavyotulia baada ya kazi, nayo inahitaji saa yenye mkono wa sekunde tu, ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi hutakiwa kuwa nayo. Kazi inapomalizika, mwanafunzi huketi mara moja. Mapigo huhesabiwa kwenye kifundo cha mkono katika sekunde 30 za mwisho za dakika ya kwanza, kisha za dakika ya pili, kisha za dakika ya tatu, na kila hesabu huzidishwa mara mbili. Ikiwa ile ya kwanza haizidi 110, na kufika ya tatu imeshuka kwa mapigo 10 au zaidi, kazi ile haikuwa na mkazo uliopita kiasi. Ikiwa haishuki, mwili bado unalipa deni.

Ahesabu mwenziwe, asijihesabu mwenyewe. Mtu anayehema hukosea, na wengine hujipunguzia kwa ajili ya heshima.

Mwanafunzi wa kike atavaaje mkanda wa kifuani?

Atauvaa mwenyewe, faraghani, kabla ya kuvaa sare, baada ya kuoneshwa na mwanamke mwenziwe juu ya nguo namna unavyokaa. Hakuna sababu yoyote ya mtu mwengine kumgusa. Asiyetaka kuuvaa kifuani apewe saa ya mkononi, na iandikwe kwamba alitumia hiyo, kwa kuwa saa ya mkononi husoma kwa mwanga unaopita kwenye ngozi na hukosea zaidi wakati mkono unapotikisika, kama vile katika kusugua, kukamua au kusukuma.

Kumuuliza mwanafunzi kazi ni nzito kiasi gani ni sayansi kweli?

Ni sayansi ikiwa inaulizwa kwa mpango. Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alitengeneza kipimo kinachoanzia 6 na kuishia 20, ambacho mtu huonesha namba inayolingana na juhudi anayoihisi. Wengi hushangaa kwa nini kianze na 6. Ukiizidisha namba hiyo kwa kumi unapata kwa kukisia mapigo ya moyo ya mtu mzima mwenye afya, kuanzia 60 ya mapumziko hadi 200 ya mwisho wa nguvu, hivyo anayesema 13 hutarajiwa kuwa karibu na mapigo 130. Baadaye Borg alitoa kipimo chengine, cha 0 hadi 10, ambacho hufaa kwa maumivu na kwa uzito unaohisiwa katika kiungo kimoja.

Ugumu wetu uko katika maneno yanayoambatana na namba. Ukitafsiri ovyo, utajikuta una "ngumu", "ngumu kidogo" na "ngumu sana", na mwanafunzi akadhani anaulizwa kama kazi ni ngumu kueleweka. Kutia mpira wa mkojo ni kazi ngumu lakini si nzito. Kumsogeza mgonjwa juu ya kitanda ni nzito lakini si ngumu. Kwa hiyo tumieni "nyepesi mno", "nyepesi", "nzito kiasi", "nzito", "nzito mno", na mkubaliane maana zake kwa mifano ambayo kila mmoja ameshaifanya kabla ya siku ya kwanza ya kupima.

Kwa nini dodoso la maumivu lina picha ya mwili?

Kwa sababu lugha yetu huugawa mwili kwa namna yake. Dodoso linalotumika zaidi duniani kwa maumivu ya misuli na viungo lilichapishwa mwaka 1987 na watafiti wa nchi za kaskazini mwa Ulaya. Huugawa mwili katika sehemu tisa, ambazo ni shingo, mabega, viwiko, vifundo vya mikono pamoja na viganja, mgongo wa juu, mgongo wa chini, nyonga na mapaja, magoti, na vifundo vya miguu pamoja na nyayo. Kwa kila sehemu huulizwa kama mtu amepata maumivu katika miezi 12 iliyopita, kama maumivu hayo yalimzuia kufanya shughuli zake, na kama ameyapata katika siku 7 zilizopita.

Sasa mpe dodoso hilo mwanafunzi wa Pemba bila ya picha. Muulize kama anaumwa na mgongo wa chini, atakujibu hapana, kisha dakika mbili baadaye atakwambia kiuno kinamuua. Kwake kiuno ndicho mgongo wa chini, na wakati mwengine ndicho nyonga pia. Mkono kwake ni kuanzia begani hadi vidoleni, na mguu ni kuanzia nyongani hadi kisiginoni. Mwenye kukusanya majibu kama hayo hupata jedwali zuri lisilo na ukweli. Nimewahi kuona fomu za kundi zima zikionesha kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na wakati huo nusu yao wamesimama ukutani wakiwa wameshika viuno.

Kwa hiyo chorwe picha ya mtu aliyegeuka, aonekane kwa nyuma, mipaka ya sehemu tisa itiwe mistari, na mwanafunzi aoneshe kwa kidole. Swali la miezi 12 liulizwe kwa wale tu waliokwisha kuwa wodini kwa muda huo. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, maumivu ya mwaka mzima huenda yanatokana na kuchota maji au na shamba la karafuu la babu yake.

Mkao hupimwa vipi bila ya maabara?

Kipo kipimo kiitwacho REBA, yaani tathmini ya haraka ya mwili mzima, kilichochapishwa mwaka 2000 na Sue Hignett na Lynn McAtamney wa Uingereza, na kilitengenezwa kwa kuzingatia pia kazi za hospitalini. Mtazamaji hutoa alama kwa kiwiliwili, shingo na miguu, kisha kwa mikono ya juu, mikono ya chini na vifundo vyake, halafu huongeza alama za uzito unaobebwa, ubora wa mshiko na kurudiwa kwa kazi. Jumla huwa kati ya 1 na 15. Alama 4 hadi 7 ni hatari ya wastani, 8 hadi 10 ni hatari kubwa inayotaka mabadiliko ya haraka, na 11 kwenda juu inataka hatua papo hapo.

Katika kipimo hicho kiwiliwili kilichosimama wima hupewa alama 1, na kilichoinama zaidi ya nyuzi 60 hupewa 4, na kikiwa kimezunguka au kulalia upande huongezwa alama moja. Ukiyajua hayo utaona mara moja kwamba kitanda kisichopanda humpa muuguzi mrefu alama mbaya kabla hajagusa kitu. Tazama hasa kazi ndogo zisizotiliwa maanani, kama kumvua mgonjwa soksi, kufunga kidonda cha mguu akiwa amekaa kitini, kumwogesha kwa beseni lililowekwa sakafuni. Wanafunzi wengi husimulia kunyanyua tu, lakini kuinama kwa muda mrefu bila ya kubeba kitu ndiko kunakojaza zamu.

Picha zisipigwe na mgonjwa akiwemo. Chora, au mpige picha wanafunzi wakiigiza katika chumba cha mazoezi.

Ni kilo ngapi ambazo mwanafunzi anaruhusiwa kunyanyua?

Kanuni ya kunyanyua ya Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, iliyorekebishwa mwaka 1991, huanza na kilo 23 katika hali bora kabisa, kisha hupunguza kila hali inapoharibika. Lakini hiyo ni ya masanduku. Mgonjwa hana vishikio, hana uzito uliogawanyika sawasawa, na anaweza kukushika shingo kwa ghafla. Mwaka 2007 Thomas Waters wa taasisi hiyo alipendekeza kwamba katika kumnyanyua mgonjwa mtu mmoja asichukue zaidi ya takriban kilo 16, tena katika hali nzuri. Mguu mmoja wa mgonjwa wa kilo 70 una uzito wa takriban kilo 11. Kwa maneno mengine, kuunyanyua mguu mmoja ili uoshwe kumeshafika karibu na mpaka, na kumbeba mgonjwa mzima kwa watu wawili kumeupita mbali sana.

Je, joto na mfungo wa Ramadhani huharibu vipimo?

Haviharibu, ila hubadilisha maana yake. Katika joto moyo hupeleka damu nyingi zaidi kwenye ngozi ili mwili upoe, na hewa ikiwa na unyevu jasho halikauki, kwa hiyo mapigo hupanda hata kwa kazi ile ile. Kipimo cha wodini wakati wa kaskazi, kati ya Disemba na Machi, hakilinganishwi na cha Julai, wakati wa kipupwe. Njia bora ni kuandika joto la wodi pamoja na unyevu. Wenye kifaa cha kupima joto la balbu nyevu (kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji) na la globu (kipimajoto kilicho ndani ya tufe jeusi) hutumia, kwa ndani ya jengo, asilimia 70 ya lile la balbu nyevu na asilimia 30 ya lile la globu. Hesabu hiyo inatufaa, kwa sababu katika visiwa vyetu unyevu ndio unaomuumiza mtu kuliko namba ya kipimajoto.

Aliyefunga hupungukiwa maji kadiri siku inavyokwenda, na kwa kawaida mapigo yake ya alasiri huwa juu kuliko ya asubuhi kwa kazi moja. Asitolewe katika utafiti kwa sababu hiyo, wala asishauriwe na mkusanyaji wa takwimu kuhusu saumu yake. Aandikwe kuwa amefunga, aandikwe kama alikula daku, na alilala kiasi gani, na alinganishwe na yeye mwenyewe wa mwezi mwengine. Panapowezekana, mpangaji wa zamu aziweke kazi za kuogesha na kuhamisha wagonjwa asubuhi. Hilo halihitaji kusubiri matokeo ya utafiti.

Je, kuhesabu hatua kwa simu kunasaidia?

Kidogo. Hatua huonesha umbali kati ya chumba cha dawa na vitanda vya mwisho, na zamu ya usiku yenye watu wachache hujitokeza vizuri. Lakini simu huhesabu kutembea tu. Saa nzima ya kusimama chumba cha upasuaji ukishika chombo cha kuvutia kingo za kidonda huandikwa sifuri.

Mjamzito na mwenye maradhi wapimwe?

Mapigo ya mjamzito huwa juu kwa kawaida, ya mwenye upungufu wa damu vivyo hivyo, na baadhi ya dawa za presha huyashusha. Hesabu ya asilimia haiwafai. Mkao na kauli zao zinaweza kuchukuliwa, na kwa mjamzito suala la kwanza ni kumwondolea kazi za kunyanyua, halafu ndiyo kipimo.

Nani ataona matokeo yangu?

Wewe, na mtafiti, kwa namba badala ya jina. Utafiti unaowahusu wanafunzi hospitalini lazima upite kwanza kwenye kamati ya maadili ya utafiti wa afya, na ridhaa iombwe na mtu asiyekupa alama. Mkufunzi wako apate matokeo ya wodi na ya kazi, si ya mtu. Mara tu orodha ya "wenye nguvu" na "dhaifu" inapobandikwa afisini, kila mmoja atasema 9 kwenye kipimo cha Borg cha 6 hadi 20 hata akiwa anatetemeka, na kazi yote imekwisha.

Tukishapata alama kubwa, tuwafundishe upya namna ya kunyanyua?

Hilo ndilo jibu la haraka, na ndilo lisilosaidia sana. Mapitio ya tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja hayakuona kwamba mafunzo ya kunyanyua, yakiwa peke yake, huzuia maumivu ya mgongo. Anzeni na kitanda, kifunguliwe mpini na kutiwa mafuta. Shuka la kuteleza linaweza kushonwa na fundi kwa kitambaa laini cha nailoni, likawekwa moja katika kila wodi. Kazi ya kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia ipangiwe watu wawili kwa majina kwenye ubao, isiachiwe anayepita. Jamaa wa mgonjwa waliokuja kumuuguza waelekezwe pahali pa kushika, maana watashika tu, utake usitake. Kisha baada ya mwezi mmoja pimeni tena kazi ile ile, katika wodi ile ile, na muandike kama mpini bado unazunguka.